Kipunji na Mangabi wa Sanje: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli?

Katika misitu ya milima ya kusini mwa Tanzania wanaishi kima wawili wasiopatikana penginepo popote duniani. Mmoja ni mangabi wa Sanje, aliyefahamika kwa wanasayansi mwaka 1979 katika Milima ya Udzungwa. Wa pili ni kipunji, ambaye watafiti walimwona waziwazi kwa mara ya kwanza Desemba 2003 kwenye miteremko ya Mlima Rungwe. Wote wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, wote waliwahi kuitwa mangabi, na pengine ndiyo maana huzungumziwa pamoja kana kwamba habari zao ni moja. Mengi yanayosemwa juu yao hayasimami ukiyachunguza. Machache ni ya kweli, na hayo nayo yanastahili kuelezwa vizuri.

"Wote wawili ni mangabi, kwa hiyo ni ndugu wa karibu."

Si kweli, na hili ni kosa lililowanasa hata wataalamu kwa miongo mingi.

Zamani mangabi wote wa Afrika waliwekwa katika jenasi moja iitwayo Cercocebus. Hukumu hiyo ilitolewa kwa macho: ni kima wa umbo la wastani, wenye miguu mirefu, mkia mrefu na mifuko ya mashavuni ya kuhifadhia chakula. Nani angedhani wametoka katika koo mbili? Shaka iliingia miaka ya 1970, protini za wanyama hawa zilipolinganishwa maabara na kuonyesha kwamba baadhi ya mangabi wako karibu na nyani kuliko walivyo karibu na mangabi wenzao. Mwaka 1978 mtaalamu wa uainishaji Colin Groves aliwagawa. Wale wanaokaa mitini aliwaweka katika jenasi ya Lophocebus, na wale wanaoshinda zaidi ardhini wakabaki Cercocebus.

Uchunguzi wa DNA uliofanyika miaka ya 1990 ulitilia nguvu mgawanyo huo. Cercocebus ni ndugu wa mandrili na drili, wale kima wakubwa wa misitu ya Kameruni, Gabon na jirani zake. Lophocebus wao ni ndugu wa nyani tunaowaona kandokando ya barabara zetu, na wa gelada wa nyanda za juu za Ethiopia. Mwaka 1999 wanasayansi wawili wa Marekani, John Fleagle na Scott McGraw, walionyesha kwamba hata mifupa ilikuwa ikilisema jambo hilo siku zote, ila hakuna aliyeiuliza. Mangabi wa Cercocebus na mandrili wana magego ya mbele yaliyopanuka, yanayofaa kuvunja mbegu ngumu, na mifupa ya mikono iliyojengwa kwa kazi ya kufukua, kuchakura na kupasua magogo yaliyooza.

Mangabi wa Sanje ni wa ukoo huu. Katika msitu wa Mwanihana, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, makundi yake hushinda sehemu kubwa ya siku ardhini, yakipekua majani makavu kutafuta wadudu, uyoga na mbegu zilizoanguka. Mbegu za mti wa Parinari, ambazo ganda lake lingeshinda meno ya kima wengi, huzivunja kwa magego yale yale. Kundi moja laweza kuwa na wanyama zaidi ya 50, na likipita mahali utasikia chakarachakara ya majani kabla hujamwona hata mmoja.

Kipunji yuko upande wa pili kabisa, upande wa nyani. Anaishi mitini na hushuka chini mara chache. Maana yake ni kwamba mangabi wa Sanje ana undugu wa karibu zaidi na mandrili wa Gabon, ng'ambo ya bonde lote la Kongo, kuliko alionao na kipunji, ambao baadhi yao wanaishi katika safu hiyo hiyo ya Udzungwa. Kwangu mimi hakuna jambo la kustaajabisha kuliko hili katika habari nzima ya wanyama hawa.

"Mangabi wa Sanje ni tawi tu la mangabi wa Mto Tana."

Iliaminika hivyo, sasa haiaminiki tena. Watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walipochapisha taarifa yao juu yake mwaka 1981, mnyama huyu aliwekwa chini ya mangabi wa Mto Tana wa Kenya kama nususpishi yake. Mangabi wa misitu ya Kongo naye aliwekwa humo humo. Leo watatu hao huhesabiwa kuwa spishi tatu kamili: wa Tana, wa Kongo na wa Sanje.

Ukifungua ramani utaona kwa nini suala hili lina uzito. Kati ya kingo za Mto Tana, miteremko ya Udzungwa na misitu ya Kongo kuna mamia ya kilomita za nyika kavu ambazo mangabi hawezi kuzivuka. Jamaa hawa watatu ni mabaki ya wakati ambapo hali ya hewa ilikuwa na unyevu zaidi na misitu ilienea hadi ikakaribiana. Misitu iliponywea, kila kundi lilibaki peke yake na kwenda njia yake. Kumwita wa Sanje tawi la mwingine kungefanya ionekane kwamba akitoweka Udzungwa, wenzake wa Tana wangebeba jina lake. Hawawezi. Nao wa Tana wamebanwa vibaya zaidi, kwa kuwa wamebaki katika vipande vidogo vya msitu kando ya mto na wamewekwa katika daraja la juu kabisa la hatari.

"Kipunji si spishi ya kweli, ni chotara wa nyani."

Hapa jibu haliwezi kuwa neno moja. Ukweli umechanganyika na uongo, na kisa chenyewe ni kirefu.

Mwaka 2005, makala iliyomtambulisha kipunji kwa ulimwengu ilimwita Lophocebus kipunji, yaani mangabi wa mitini. Haikuwa hukumu ya kizembe. Anaishi mitini, ana mkia mrefu, uso mweusi usio na pua ndefu ya nyani, na wakati huo hakuna mtafiti aliyekuwa na mzoga wake. Lakini jambo moja lilikuwa likisumbua, nalo ni mlio. Madume ya mangabi wa Lophocebus hutoa mlio wa mbali unaoanza kwa sauti ya kupaa kisha ukageuka mgugumio. Kipunji hana mlio huo. Yeye hutoa mlio mzito kama wa honi uliochanganyika na mbweko.

Kisha kipunji mmoja kijana akafa katika mtego wa mkulima, shambani mwa mahindi, huko Rungwe. Mzoga ule ulihifadhiwa na hatimaye kufikishwa kwenye jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago. Fuvu lilionekana la mangabi, lakini DNA ilisema kitu kingine: huyu yuko karibu zaidi na nyani. Mnyama mwenye umbo la mangabi na nasaba ya nyani hakuwa na nafasi katika jenasi yoyote iliyokuwepo, hivyo mwaka 2006 akaundiwa ya kwake, Rungwecebus. Haikuwahi kutokea kwa miaka 83 kabla ya hapo kwamba kima wa Afrika aliye hai aundiwe jenasi mpya. Na jina la mlima wa Wanyakyusa likaingia katika vitabu vya zuolojia vya dunia nzima.

Kesi haikuishia hapo. Watafiti wengine walipoipima tena ile DNA, hasa ile ya mitokondria ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake, walikuta kwamba kipunji wa Rungwe anafanana mno na nyani wa manjano wa eneo la kusini, kiasi kwamba alionekana kama mmoja wao. Mwaka 2009 baadhi yao waliuliza waziwazi kama kipunji ni nyani, au ni zao la mchanganyiko wa nyani na mangabi wa zamani. Hapo ndipo habari ya uchotara ilipopata miguu.

Jibu zuri lilikuja mwaka 2010, na lilitoka mahali pengine kabisa: Ndundulu, msitu wa Udzungwa wenye kundi la pili la kipunji, kiasi cha kilomita 350 kutoka Rungwe. Sampuli ya Ndundulu ilipopimwa, mitokondria yake haikuwa ya nyani. Ilikuwa tofauti, ya ukoo wake yenyewe. Maelezo yanayokubaliana na ushahidi huo ni haya: kipunji ni ukoo ulioachana na nyani zamani sana. Baadaye, huko Rungwe, majike wa nyani walizaa na kipunji, na alama ya mama zao ikaenea katika kundi lile na kubaki hadi leo. Kundi la Ndundulu halikupata mchanganyiko huo.

Kwa hiyo ni kweli kwamba damu ya nyani imepita kwa kipunji wa Rungwe. Si kweli kwamba kipunji aliumbika kwa mchanganyiko huo, maana wa Ndundulu ni kipunji kamili bila huo mchanganyiko. Mambo ya namna hii si haba katika jamii ya kima. Kule Amboseli, nchini Kenya, nyani wa manjano na nyani wa kijani huzaana hadi leo, na hakuna anayedai kwamba mmoja wao si mnyama halisi. Ninalisisitiza hili kwa sababu neno "chotara" likishatamkwa, huwafanya watu wamwone mnyama kuwa wa daraja la chini, asiyestahili gharama ya kulindwa.

"Huwezi kuitambulisha spishi mpya bila kuwa na mzoga wake."

Si kweli. Mfano wa kwanza kabisa wa kipunji, ule unaobeba jina lake rasmi, ni mnyama aliye hai aliyepigwa picha. Waandishi wa makala ya 2005 waliona kwamba kumuua mnyama wa idadi ndogo namna ile ili kutimiza desturi ya makumbusho kusingekuwa na uhalali. Wapo wataalamu waliopinga, na hoja yao ilikuwa na maana: picha haitoi DNA wala haipimwi magego. Na kweli, mnyama aliyenasa mtegoni ndiye aliyebadilisha jenasi. Hata hivyo kanuni za kimataifa za majina ya wanyama ziliruhusu, na jina likasimama. Naona walifanya sawa. Jenasi inaweza kusahihishwa mwaka unaofuata, mnyama aliyeuawa hasahihishwi.

"Waligunduliwa na wageni."

Si kweli kwa namna inavyosemwa. Jina "kipunji" ni la wenyeji wa Rungwe. Watafiti wa Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walilisikia kwa wawindaji na wazee mwanzoni mwa 2003, wakati wakikusanya habari za wanyama wa mlimani. Kwa kuwa simulizi za Wanyakyusa zina viumbe wa msituni walio wa kweli na walio wa hadithi, hawakuwa na hakika kama kipunji ni mnyama au ni mzimu. Miezi kadhaa baadaye walimwona. Mwaka uliofuata, timu nyingine iliyokuwa ikimtafuta mangabi wa Sanje huko Ndundulu, akiwemo Trevor Jones, ilimwona mnyama huyo huyo bila kujua kwamba wenzao walishamwona Rungwe. Makala ikaandikwa kwa pamoja, na kati ya waandishi wake wamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Majina hayo hayatajwi mara nyingi kama inavyostahili.

Mangabi wa Sanje naye alijulikana kwa wenyeji kabla ya 1979. Mlio wake ndio uliowashtua watafiti, na mwongozaji wao, mtu wa huko huko, aliujua. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni mtu wa kuuliza.

"Kipunji ni wa Rungwe, mangabi wa Sanje ni wa Udzungwa."

Nusu yake ni kweli. Mangabi wa Sanje hapatikani nje ya Udzungwa, na hata humo anapatikana katika misitu miwili tu iliyotengana: Mwanihana upande wa mashariki, na Uzungwa Scarp upande wa kusini. Kati yao pana vijiji na mashamba. Kipunji yupo katika misitu ya Mlima Rungwe na ya Livingstone, ambayo sehemu yake imo katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyotangazwa mwaka 2005. Hao ndio wengi. Lakini wapo pia wale wa Ndundulu, ndani ya Udzungwa.

Wanyama hawa wawili hawagombanii msitu. Mangabi wa Sanje hupendelea miteremko ya chini na ya kati yenye joto. Kipunji wa Rungwe huishi hadi zaidi ya meta 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa kipupwe joto hushuka chini ya nyuzi sifuri. Manyoya yake marefu, yenye rangi ya kahawia na shungi lililosimama kichwani, ndilo blanketi lake. Mangabi wa Sanje ana manyoya ya kijivu, tumbo la rangi ya chungwa iliyopauka, na uso wenye rangi ya waridi. Ukishawaona wote wawili huwezi kuwachanganya tena.

"Kipunji ni mwizi wa mahindi."

Ni kweli kwamba anakula mahindi. Yule aliyetupatia jenasi mpya alifia shambani. Mkulima anayelima hatua chache kutoka msituni na kupoteza mazao yake hana sababu ya kumpenda, na mtu asimlaumu kabla ya kulijua shamba lake. Ila kipunji hategemei mahindi. Watafiti wameorodhesha zaidi ya aina 100 za mimea anayokula: majani, matunda, maua, magome, mashina. Shamba humvuta pale linapopakana moja kwa moja na msitu, na pale anapolazimika kulipita ili kufika kipande kingine cha msitu. Misitu ikiachwa imeungana, safari za shambani hupungua.

"Wote wanakabiliwa na hatari ile ile, kwa hiyo ulinzi wao ni mmoja."

Si kweli, na hapa ndipo uainishaji unapoacha kuwa kazi ya maabara peke yake. Ukoo wa mnyama umeujenga mwili wake, mwili umemchagulia mahali pa kushinda, na mahali hapo ndipo hatari inapomkutia.

Mangabi wa Sanje, mwana wa ukoo wa wachakuraji, anatembea ardhini. Mtego wa waya uliotegwa kwa ajili ya paa unamnasa yeye vile vile. Msitu unaweza kuonekana mzima kutoka angani, miti yote imesimama, na chini yake mangabi wakawa wanapungua. Ndivyo hali ilivyokuwa kwa muda mrefu Uzungwa Scarp, ambako uwindaji ulikuwa mkali kuliko Mwanihana yenye askari wa hifadhi ya taifa. Kwake yeye, dawa ya kwanza ni miguu ya doria msituni: watu wanaotembea, wanaofumua mitego na kuhesabu iliyopatikana.

Kipunji anaishi juu. Mtego wa ardhini humpata mara chache, hasa shambani na pembezoni. Kinachomwua polepole ni mti kukatwa kwa mbao au mkaa, kwa sababu kila pengo kati ya matawi ni njia iliyofungwa. Kati ya Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone kuna ushoroba mwembamba uitwao Bujingijila, uliokuwa umechakaa kwa ukataji. Ushoroba huo ukikatika, kipunji wa mlimani hawezi tena kuoana na wa Livingstone. Ndiyo maana huko juhudi kubwa imeelekezwa katika kupanda miti na kuzungumza na vijiji vinavyopakana nao, pamoja na doria. Ukiibeba mbinu ya Bujingijila na kuipeleka Uzungwa Scarp kama ilivyo, utapanda miti mizuri juu ya ardhi iliyojaa waya.

"Kipunji ameshushwa daraja la hatari, basi ameokoka."

Sehemu ya kwanza ni kweli. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 duniani kote, kati yao 75 tu wakiwa Ndundulu, na Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili ikamweka katika daraja la hatari kubwa zaidi. Baada ya zaidi ya miaka 10 ya ulinzi, hesabu mpya ilikaribia 2,000, na tathmini ya mwaka 2019 ikamshusha hadi daraja linalofuata, lile lile la mangabi wa Sanje. Ni habari njema kweli, tena ya nadra. Kima wa Afrika wanaoongezeka ni wachache.

Lakini daraja lile bado linaitwa hatarini kutoweka. Na tarakimu ya jumla inaficha jambo ambalo kisa cha DNA kimetufundisha kulitazama. Ongezeko kubwa limetokea Rungwe na Kitulo. Kundi la Ndundulu, lile lisilo na alama ya nyani, ndilo linalobeba ushahidi wa kipunji alivyokuwa kabla ya mchanganyiko, na bado ni wanyama wa kuhesabika kwa makumi. Ugonjwa mmoja au moto mmoja wa kiangazi ungeweza kulifuta bila jumla ya kipunji duniani kutikisika sana kwenye karatasi.

Mangabi wa Sanje wanakadiriwa kuwa kiasi cha 3,000, wamegawanyika katika misitu miwili isiyofikiana. Uzungwa Scarp imepandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia na doria zimeongezeka. Wanaofuatilia hali yake huko hawaanzi na picha za setilaiti. Hutembea njia zile zile za msituni mwaka baada ya mwaka, wakiandika makundi waliyoyaona, milio waliyoisikia na mitego waliyoifumua.